Yapishe Maji Yapite



Masika yakikaribia mimi hupita vijijini nikiuliza maswali yaleyale. Je, mbegu ziko tayari? Watu hujibu, "Bwana shamba, ziko tayari." Je, samadi iko tayari? Iko tayari. Je, majembe yametiwa mipini? Yametiwa.

Kisha huuliza swali la mwisho. Je, njia ya maji iko tayari?

Hapo watu hunyamaza. Wengine hucheka. Wanasema, "Bwana shamba, maji yanajua njia yake yenyewe." Ni kweli, maji yanajua njia yake. Lakini sisi tunaiziba. Tukiiziba, maji hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo nyingine ni barabara yetu.

Mwezi huu sitaeleza habari za kahawa wala migomba. Nitaeleza habari za barabara, na namna ya kusafiri wakati wa mvua kubwa. Utasema, bwana shamba na barabara wapi na wapi? Soma mpaka mwisho, utaona. Neno langu ni moja tu: yapishe maji. Yapishe shambani. Yapishe mtaroni. Na ukiyakuta barabarani, yapishe pia.

KOSA LANGU

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa katika mwaka wa pili wa kazi. Cheti changu cha kilimo kilikuwa bado kipya. Mzee mmoja aliniita kihambani kwake. Kihamba hicho kiko kwenye mteremko, juu ya barabara ya udongo inayopanda kutoka mjini. Kila masika maji yalishuka na kuchukua udongo wa juu pamoja na samadi. Mizizi ya kahawa ilikuwa imebaki nje kama vidole. Mzee akaniambia, "Mwanangu, nisaidie. Shamba langu linakwenda na maji."

Nikampimia mtaro. Tukauchimba siku mbili, yeye na wanawe na mimi. Ulikuwa mtaro mzuri. Uliyatoa maji yote kihambani. Mzee akafurahi, akanipa mkungu wa ndizi. Nikarudi nyumbani nikijiona mtaalamu.

Lakini sikujiuliza swali moja. Je, maji haya yakitoka hapa yanakwenda wapi?

Yalikwenda barabarani. Aprili ile mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi barabara ilikuwa imekatika. Palikuwa na shimo ambalo mtu mzima akisimama ndani yake, unaona kichwa tu. Siku hiyohiyo mama mmoja wa kitongoji cha juu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Gari lililombeba likafika penye shimo, likasimama. Vijana walikata miti, wakafunga blanketi kwa kamba, wakapata machela. Tukambeba kwa zamu, huku mvua inanyesha na udongo unateleza, mpaka tulipopata gari jingine upande wa chini.

Nasema tukambeba, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa wabebaji. Hakuna aliyenilaumu. Hawakujua ni nani aliyepima mtaro ule. Mzee alijua. Alinitazama tu, hakusema neno.

Mama yule alifika hospitali akajifungua salama mtoto wa kike. Mtoto huyo sasa ni msichana mkubwa, amekwisha maliza shule. Kila nikimwona njiani nakumbuka mtaro wangu.

Ndiyo maana, ndugu msomaji, nazungumza habari za barabara.

MAJI YANATOKA WAPI?

Mlima Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Moshi uko chini, kati ya mita 800 na 900 hivi. Maji ya mlimani yanashuka mteremko mkubwa kwa muda mfupi. Hayana nafasi ya kupumzika.

Tena mvua ya mlimani si sawa na mvua ya chini. Msituni, upande wa kusini wa mlima, mvua ya mwaka mmoja hufika milimita 2,000 na kupita. Mjini Moshi haifiki hata nusu ya hiyo. Kwa hiyo jua laweza kuwaka Moshi, watu wameanika nguo, na kumbe kule juu msituni mvua inamwagika. Baada ya muda maji hayo hufika chini kwa ghafula. Hushuka katika mito ya Karanga, Weruweru, Kikafu, Rau na Himo. Hushuka pia katika makorongo ambayo wakati wa kiangazi ni makavu, na watoto huchezea mchanga ndani yake.

Usidanganywe na jua. Tazama mlima. Ukiona wingu zito jeusi limekaa juu ya msitu, ujue maji yanakuja. Ukifika mtoni, tazama dalili hizi:

1. Maji yaliyokuwa meupe yamegeuka rangi ya udongo.
2. Maji yanaleta majani, vijiti na vipande vya migomba.
3. Unasikia mngurumo kutoka juu, kama lori linalopanda mlima.

Ukiona au ukisikia moja ya dalili hizi, usishuke mtoni. Kama uko ndani, toka upesi. Ita na watoto.

Kumbuka pia kwamba mlima hautoi maji tu. Hutoa na tope. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang katika Mkoa wa Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa, na barabara za Katesh zikafunikwa na tope. Hanang si mbali nasi. Na sisi pia tunakaa chini ya mlima.

BARABARA NZURI INA VIUNGO

Mwili wa mtu una viungo. Kiungo kimoja kikiumwa, mwili wote unaumwa. Barabara nayo ni hivyohivyo. Tujifunze viungo vyake.

Kwanza ni mgongo. Barabara hujengwa ikiwa imeinuka katikati na kushuka pembeni. Maji yakinyesha juu yake hayakai, hushuka mtaroni. Barabara iliyobonyea katikati ni kama bakuli. Maji hukaa, magari hupita, na shimo huzaliwa.

Pili ni mtaro. Mtaro hupokea maji ya barabara na maji ya mashamba, huyapeleka mbali.

Tatu ni kalavati. Hilo ni bomba kubwa linalopitisha maji chini ya barabara, kutoka upande mmoja hadi upande wa pili. Kalavati likizibwa na takataka, maji hupanda juu ya barabara na kuila.

Nne ni daraja na drifti. Daraja wote mnalijua. Drifti ni njia ya zege iliyojengwa chini, katika korongo, ili maji yakija yapite juu yake. Hapa watu wengi hawaelewi. Wakiona maji juu ya drifti wanasema, "Serikali imetujengea daraja bovu." Sivyo. Drifti ikifunikwa na maji haijaharibika. Inafanya kazi yake. Imetengenezwa ili maji yapite kwanza, kisha wewe upite baadaye.

Tano ni kingo na alama. Kingo za chuma kwenye kona na kwenye madaraja huzuia gari lisitumbukie bondeni. Bango la pembetatu lenye ukingo mwekundu linaonya: mbele kuna hatari. Mstari wa katikati usiokatika unasema: usipite gari lililo mbele yako. Wakati wa ukungu, dereva hawezi kuona kona. Anafuata mistari na alama hizo. Mtu anayeng'oa chuma cha barabarani ili akiuze kama chuma chakavu anauza macho ya dereva. Na ndani ya gari hilo huenda yumo mama yake.

Barabara zetu zimeboreshwa mwaka hadi mwaka. Leo mtu hutoka Himo akapita Marangu mpaka Rombo juu ya lami. Akienda Arusha anakuta kutoka Tengeru hadi Sakina, kilomita 14, njia mbili za kwenda na mbili za kurudi. Pia kuna barabara ya mchepuo ya kilomita 42, ili malori yasipite katikati ya mji wa Arusha. Hayo ni maendeleo.

Lakini lami nzuri ina hatari yake. Inamwita dereva akimbie. Mvua inapoanza kunyesha, vumbi na mafuta yaliyomwagika juu ya lami huchanganyika na maji. Lami huteleza kama sabuni. Dakika za kwanza za mvua ni za kuogopa sana. Lami haiondoi mvua, ndugu msomaji.

NANI MWENYE BARABARA?

Barabara kuu na barabara za mikoa zinaangaliwa na Wakala wa Barabara, yaani TANROADS, iliyoanza kazi mwaka 2000. Barabara za vijijini na za mitaa ya mijini zinaangaliwa na TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Fedha za matengenezo hutoka katika Mfuko wa Barabara. Mfuko huo hupata fedha kutokana na tozo ya mafuta ya petroli na dizeli. Kwa hiyo hata wewe unayepanda bodaboda kwenda sokoni umechangia. Barabara ni mali yako. Ilinde kama unavyolinda ng'ombe wako.

Ukiona kalavati limeziba, daraja limepasuka, au ukingo wa barabara umeanza kumomonyoka, usingoje mpaka gari litumbukie. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo. Mtendaji aandike barua kwa TARURA au TANROADS. Katika barua aeleze mambo matatu: ni barabara gani, ni mahali gani hasa, na kuna ubovu gani. Nakala ya barua ibaki ofisini. Wewe unayejua kusoma sasa, nenda ukaisome. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KAZI YETU SISI WAKULIMA

Greda laweza kutengeneza barabara kwa siku moja. Shamba moja lililolimwa vibaya laweza kuibomoa kwa usiku mmoja. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na nimekwisha kukueleza lilitokea kwa kosa la nani.

Baada ya mkasa ule nilirudi kwa yule mzee. Nilimwambia, "Baba, nilikosea. Naomba tuanze upya." Akajibu, "Jembe lipo." Tulifanya mambo haya, na wewe waweza kuyafanya:

1. Tulichimba makinga maji kukatiza mteremko, siyo kufuata mteremko. Maji yakakaa na kunywewa na udongo. Kahawa ikafaidi.

2. Juu ya kingo za makinga maji tulipanda matete na majani ya guatemala. Mizizi ilishika udongo. Majani yakawa chakula cha ng'ombe zizini.

3. Tulifunika udongo kwa majani makavu ya migomba. Matone ya mvua yakipiga majani hayabomoi udongo.

4. Pale maji yaliyozidi yanapotokea, tulichimba shimo la kuyapokea na kuyapunguza nguvu. Kisha tukayaongoza polepole mpaka kwenye mtaro wa barabara wenye kalavati, siyo juu ya barabara.

Barabara ile haijakatika tena mahali pale.

Kuna na mifereji yetu ya asili. Wazee wetu waliichimba kwa mikono kutoka mitoni mpaka vihambani. Ni kazi ya akili kubwa. Lakini mfereji unaofaa wakati wa kiangazi waweza kuleta hasara wakati wa masika. Mvua zikiwa nyingi, wenye mfereji wakubaliane kufunga mlango wake kule juu mtoni. Maji yabaki mtoni, yasije yakafurika njiani.

Sasa sikiliza mambo ya kuacha. Usitupe mashina ya migomba ndani ya mtaro. Usitupe mifuko ya taka. Usilime mtaro ili upate tuta moja zaidi la maharage. Ukitaka kivuko cha kuingia kwako, usijaze udongo na mawe mtaroni. Uliza kwanza ofisi ya barabara wakuonyeshe namna ya kuweka bomba la kutosha.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande, kupima kutoka katikati ya barabara. Na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu karibu na kingo za mto, ndani ya mita 60. Sheria hizi si za kumwonea mkulima. Ni kuyapa maji nafasi yake.

SAFARI WAKATI WA MVUA

Sasa tuseme unataka kusafiri. Mvua ni nyingi. Ufanye nini?

Kabla ya kuondoka, sikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa daraja tatu. Angalizo ni rangi ya njano. Tahadhari ni rangi ya chungwa. Tahadhari kubwa ni rangi nyekundu. Ukisikia tahadhari kubwa kwa mkoa wako, jiulize: Je, safari hii haiwezi kungoja kesho? Harusi ya ndugu yako itakusubiri. Mkutano wa chama utaahirishwa. Ukiwa na mgonjwa au mama mjamzito, usingoje mvua izidi. Mpeleke mapema, akakae karibu na hospitali.

Ukiwa ndani ya basi au Kosta, funga mkanda. Tazama mwendo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kwa sekunde moja. Yaani ukipepesa macho tu, limekwisha kupita urefu wa nyumba. Juu ya lami yenye maji, gari huhitaji kama mara mbili ya umbali wa kawaida ili lisimame. Kwa hiyo dereva apunguze mwendo, awashe taa, akae mbali na gari la mbele.

Abiria, usiogope kusema. Dereva akikimbia kwenye mvua, mwambieni kwa pamoja, kwa adabu, "Dereva, punguza mwendo, tunataka kufika." Mtu mmoja akisema, anaitwa mwoga. Watu kumi wakisema, dereva anasikia. Asiposikia, piga simu polisi namba 112.

Vijana wa bodaboda, ninyi ni wanangu na wadogo zangu. Vaeni kofia ngumu, na mpeni abiria yake. Msibebe watu watatu kwenye utelezi. Tairi lililokwisha meno halishiki tope. Shukeni mteremko kwa gia ndogo, wala msikanyage breki kwa ghafula.

Nanyi mnaotembea kwa miguu wakati wa ukungu au giza, vaeni kitu cheupe. Tembeeni upande wa kulia wa barabara, ili mwone magari yanayokuja mbele yenu. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, ukitembea kushoto gari litakuja nyuma yako bila wewe kuliona.

UKIKUTA MAJI YANAPITA JUU YA BARABARA

Hapa ndipo penye roho ya somo letu. Soma polepole. Kama kuna jirani asiyejua kusoma, msomee kwa sauti.

Chukua rula ya mtoto wa shule. Ina urefu wa sentimita 30. Maji ya mbio yenye kina cha nusu ya rula yaweza kumwangusha mtu mzima. Maji ya mbio yenye kina cha rula moja yaweza kuchukua gari dogo. Maji ya mbio yenye kina cha rula mbili yaweza kuchukua magari mengi, hata yale makubwa ya kwenda porini.

Utauliza, inawezekanaje? Fikiri hivi. Debe moja la lita 20 lina maji ya uzito wa kilo 20. Sanduku la maji lenye mita moja kila upande lina uzito wa kilo 1,000. Ni sawa na magunia kumi ya mahindi, kila gunia kilo 100. Maji ya mto huja kama magunia hayo yanayokusukuma moja baada ya jingine bila kukoma. Na gari limejaa hewa ndani. Likiingia majini ni kama debe tupu lililofungwa. Linaelea. Likielea, matairi hayagusi chini, na usukani haufanyi kazi tena.

Tena huoni chini. Maji ya tope hufunika. Huenda barabara imekwisha kuliwa, na mbele yako pana shimo kama lile la mtaro wangu.

Tarehe 12 Aprili 2024, mjini Arusha, gari dogo lililobeba wanafunzi asubuhi lilisombwa na maji ya mvua katika korongo. Watoto kadhaa walikufa. Walikuwa wamevaa sare, wanakwenda shule. Tarehe 25 mwezi huohuo Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 nchini walikuwa wamekufa kutokana na mvua na mafuriko ya msimu ule. Si wote waliokufa barabarani. Lakini wote walikutana na maji yaliyokuwa na nguvu kuliko wao.

Basi ukikuta maji yanapita juu ya barabara, fanya hivi:

1. Simama mbali na maji, mahali pa juu.
2. Usiingie kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki wala kwa gari. Ukiwa abiria na dereva anataka kuingia, shuka.
3. Waonye wanaokuja nyuma. Weka matawi ya miti barabarani, mbali kidogo, ili dereva ayaone mapema. Mtu mmoja asimame upande huu, mwingine upande wa pili.
4. Ngoja. Mvua ya mlimani ikikatika, maji ya korongo huweza kupungua baada ya saa chache. Yakikawia, rudi nyumbani au omba hifadhi kwa watu wa karibu.
5. Maji yakipungua, mtu asikimbilie kuvuka. Kagueni kwanza kama barabara bado ipo.
6. Mtu akichukuliwa na maji, usiruke ndani. Mtupie kamba, mti mrefu au dumu tupu lililofungwa kizibo. Piga simu Zimamoto namba 114 au polisi namba 112.

Pale mtoni utasikia maneno mengi. Mmoja atasema, "Mimi nimezaliwa hapa, najua mto huu." Mwingine atasema, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Kila methali ina mahali pake. Penye maji ya mbio methali ni hii: haraka haraka haina baraka. Mto aliouzoea mtu tangu utotoni leo umebeba mvua ya leo. Haukumbuki kwamba mlizaliwa pamoja.

Wenyeviti wa vijiji na walimu, nawaomba jambo moja. Wekeni makubaliano kabla ya masika. Siku ya mvua kubwa, watoto wa ng'ambo ya mto wasiruhusiwe kuondoka shuleni mpaka mtu mzima ahakikishe mto unapitika. Kila kitongoji kiwe na nyumba mbili au tatu upande wa shule zitakazowalaza watoto hao usiku mmoja. Wazazi wajue mapema ni nyumba ya nani. Mtoto akilala kwa jirani, mama atakuwa na wasiwasi usiku mmoja. Akivuka vibaya, mama atalia maisha yake yote.

TUANZE LINI?

Tuanze kabla ya mvua. Katika mkutano wa kijiji chagueni siku moja ya kazi. Kila nyumba ilete jembe, koleo au panga. Zibueni mitaro. Toeni taka ndani ya makalavati. Fyekeni majani yanayoficha mabango na kona. Siku moja inatosha kwa kipande cha kila kitongoji. Machi ikiingia, maji yatakuta njia yake iko wazi, nasi tutakuwa na njia yetu.

Yule mzee wa kihamba amekwisha zeeka sana sasa. Nilimpitia juzi. Alikuwa amekaa mlangoni, anatazama barabara. Magari yalikuwa yanapanda na kushuka. Akaniambia, "Bwana shamba, siku hizi kabla sijachimba hata kishimo cha mgomba, najiuliza maji yatakwenda wapi." Nikamjibu, "Baba, hata mimi."

Nawe, ndugu msomaji, jiulize hivyohivyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Maji yanayotoka shambani kwako yanakwenda wapi?
2. Ni kalavati gani la kijiji chenu limeziba? Nani ataandika barua, na lini?
3. Watoto wa ng'ambo ya mto watalala kwa nani siku ya mvua kubwa?

Tuonane mwezi ujao. Nitaeleza namna ya kupogoa kahawa baada ya mavuno.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu.